Pikipiki ya barabara au pikipiki ya mashindano: swali la zamani kwenye njia ya Kalima

Kutoka Kalima mpaka Kindu ni kiasi cha kilomita 100. Wakati wa kiangazi, pikipiki yenye afya inatoka asubuhi na kufika mchana. Wakati wa mvua kubwa, hakuna mkaaji wa Kalima anayemwahidi mgeni saa ya kufika. Na ni kwenye njia hiyo hiyo vijana wa vituo vya wamotari wanabishana siku hizi, simu mikononi, wakitazama picha za pikipiki za mbio. Mtu akipata pesa ya kununua pikipiki ya nguvu, achukue ile ya mbio iliyotengenezwa kwa kutembea barabarani kila siku, au ile iliyotoka karibu moja kwa moja kwenye uwanja wa mashindano?

Wazee wanacheka. Lakini swali si la kitoto. Lina umri wa zaidi ya miaka 100, na liliwasumbua watu wa Ulaya na Japani kabla ya kufika wilaya ya Pangi. Kwa familia iliyohama makwao, ambayo imeuza mbuzi na shamba ili iweke kila kitu ndani ya chombo kimoja chenye magurudumu mawili, ni swali la chakula cha kesho.

Mwanzoni hapakuwa na pikipiki za namna mbili. Tarehe 28 Mei 1907, kwenye kisiwa cha Man kilichopo kati ya Uingereza na Irlandi, yalianza mashindano yanayoitwa mpaka leo Tourist Trophy, maana yake kombe la wasafiri. Jina hilo lilikuwa na sababu. Waliyoyaandaa walitaka kujaribu pikipiki za watu wa kawaida, si vyombo vya maonyesho. Kila mshindani alipimiwa mafuta, na aliyekuwa na injini ya kula sana angebaki njiani. Charles Collier alishinda akiwa juu ya Matchless kwa mwendo wa wastani wa kilomita 61 hivi kwa saa. Barabara za kisiwa wakati huo zilikuwa za udongo na mawe, zenye vumbi jua likiwaka na utelezi mvua ikinyesha. Mmotari wa Kalima angezitambua bila kuelezwa.

Mwaka huo huo wa 1907, kusini mwa Uingereza, ulifunguliwa uwanja wa Brooklands, njia ya zege iliyozunguka kama sahani, na kona zake zimeinuliwa upande wa nje ili chombo kisitupwe. Hapo hapakuwa na tope, ng'ombe wala shimo. Basi watu wakaanza kuvua pikipiki zao nguo. Taa ya nini, kama hakuna usiku? Kizuia matope cha nini, kama hakuna matope? Kiti cha abiria kikatolewa, usukani ukashushwa chini ili kifua kilale juu ya tanki na upepo upite. Kila kilo iliyotolewa ilikuwa mwendo ulioongezwa. Kuanzia hapo pikipiki ya uwanja ikaenda njia yake na ya barabara ikabaki na mizigo yake.

Kuna wanawake wawili ambao habari yao inastahili kujulikana Maniema kuliko inavyojulikana. Florence Blenkiron na Theresa Wallach walikuwa Waingereza, wote wawili watu wa Brooklands. Mwaka 1934 Blenkiron alizunguka uwanja huo kwa mwendo wa zaidi ya maili 100 kwa saa, yaani zaidi ya kilomita 160, na akapewa nyota ya dhahabu ambayo hakuna mwanamke aliyekuwa ameipata kabla yake. Wallach naye aliipata nyota hiyo mwaka 1939. Kwa hiyo walijua mbio ni nini.

Mwezi Desemba 1934 waliondoka London kwenda Cape Town, kusini kabisa mwa Afrika. Je, walichukua pikipiki ya uwanja? Hapana. Walichukua Panther, pikipiki nzito yenye injini ya silinda moja, sentimita za ujazo 600, inayovuta polepole kama punda aliyezoea kazi. Pembeni wakafunga kikasha cha abiria, na nyuma wakafunga kigari cha mizigo. Mtu wa Brooklands angeona aibu kuonekana nayo uwanjani. Wakavuka jangwa la Sahara. Injini ikawafia mchangani, wakafika Agadez kwa taabu, na huko Wallach akaifungua na kuirudisha kwa mikono yake. Wakaendelea kupitia Afrika ya Kati na Afrika Mashariki, na mwishoni mwa Julai 1935 wakaingia Cape Town. Waliokuwa na haki kuliko wote ya kupenda pikipiki ya mbio waliiacha nyumbani walipoona njia iliyo mbele yao. Hawakuacha kupenda mbio, kwa maana Wallach alirudi uwanjani. Walichofanya ni kutenganisha safari na mchezo.

Wakati wanawake hao wanasafiri, Kalima ilikuwa inajengwa. Kampuni ya Symétain, iliyoundwa mwaka 1932, ilichimba kasiteriti, jiwe la bati, katika vilima vya Maniema. Njia zilifunguliwa kwa ajili ya jiwe hilo kabla ya kuwa za watu. Mzigo ulipaswa kufika Kindu, kwenye mto na kwenye reli iliyotoka Kongolo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1910. Kampuni ilikuwa na malori, na lori halisamehi njia mbaya, kwa hiyo njia zilitengenezwa. Wakantonye walikata majani, walizibua mitaro na kujaza mashimo, kila mmoja na kipande chake. Mvua ikinyesha, kizuizi kilifungwa mpaka udongo ukauke. Ubelgiji yenyewe ilikuwa na viwanda vikubwa vya pikipiki katika mji wa Herstal, karibu na Liège: FN, Saroléa na Gillet. Vyote vitatu vilitengeneza za barabara na za mashindano. Lakini mchimbaji wa Kalima hakuulizwa anapenda ipi. Yeye alikwenda kwa miguu, na aliyefanikiwa alinunua kinga.

Hapo ndipo kuna jambo ambalo mabishano ya vituoni yanalisahau. Njia nzuri ya zamani wanayoisimulia wazee haikuwa zawadi ya ardhi. Ilikuwa kazi ya kila siku, iliyolipwa na bei ya bati (na mara nyingi kwa jasho la watu waliolazimishwa, hilo nalo lisemwe). Bei ikianguka, njia inaanguka.

Na ilianguka. Mwaka 1976 Symétain na makampuni mengine ya madini ya Kivu na Maniema yaliunganishwa kuwa SOMINKI. Tarehe 24 Oktoba 1985, soko la madini la London lilisimamisha biashara ya bati, kwa sababu shirika la nchi zilizokuwa zikiishikilia bei lilikuwa limeishiwa na pesa. Bei ikaporomoka. Katika miaka iliyofuata SOMINKI ilidhoofika mpaka ikafikia mwisho, na mwaka 1997 SAKIMA ikaundwa kurithi maeneo yake. Lori likipungua, mkantonye naye anapungua. Majani yakarudi katikati ya njia.

Mwaka huo wa 1985, mambo yalikwenda kinyume kabisa upande wa pili wa dunia. Japani ilikuwa na barabara za lami kila mahali na pesa za kuchezea. Suzuki ikaanza kuuza GSX-R750, pikipiki iliyofuata umbo la zile za mashindano ya masaa marefu, nyepesi kuliko za wenzake, yenye taa mbili za duara mbele na kioo cha upepo kinachomlazimisha dereva ainame. Kijana wa kawaida aliweza kuingia dukani na kutoka na kitu kilichofanana sana na cha uwanjani. Mwaka 1992 Honda ilijibu kwa CBR900RR, na mwaka 1998 Yamaha ikaleta R1. Picha zinazozunguka leo katika simu za Kalima ni za watoto na wajukuu wa hizo tatu.

Anayetaka kuelewa tofauti vizuri aangalie ndugu wawili waliotoka Honda katika miaka ile. Wa kwanza ni VFR750F wa mwaka 1986, wa pili ni VFR750R wa mwaka 1987, ambaye mashabiki wanamwita RC30. Wote wana injini ya silinda nne zilizopangwa kama herufi V, ukoo mmoja. Yule wa kwanza alipewa kiti cha watu wawili, usukani wa kimo cha kufaa na springi zinazomeza mashimo madogo. Mtu alikwenda naye kazini wiki nzima, na siku ya mapumziko akamchukua mke wake safari ya kilomita 300. Yule wa pili aliundwa kwa ajili ya mashindano. Kiti kimoja tu. Miguu inakunjwa juu na nyuma, uzito wa mwili unaangukia viganjani. Vitesi vyake vya kwanza ni virefu sana, hata ndani ya mji dereva anachosha klachi. Mmarekani Fred Merkel alishinda nayo ubingwa wa dunia wa Superbike mwaka 1988 na tena mwaka 1989. Bei yake ilikuwa juu mno kuliko ya ndugu yake.

Kwa nini mmoja hawezi kufanya kazi ya mwingine? Si uchawi, ni hesabu ya fundi. Injini ya uwanja inatoa nguvu yake ikizunguka kwa kasi kubwa sana, na chini ya hapo imelala. Kwenye kilima cha tope, unapohitaji kuvuta taratibu bila gurudumu kuzunguka bure, nguvu hiyo haipo, halafu inakuja yote kwa pamoja na kukutupa. Springi za uwanja ni ngumu, kwa sababu lami ya huko ni kama meza, na chombo kikiinama kwenye kona hakitakiwi kuyumba. Kwenye mashimo, ugumu huo unahamia mgongoni mwako na kwenye fremu. Pine za uwanja ni laini na karibu hazina mikato. Zinashika vizuri zikipata joto, na tope la Maniema haliwapi joto, linajaa tu na kuzigeuza sabuni. Tumbo la pikipiki liko karibu na ardhi, na jiwe moja linatosha kutoboa karteri. Mafuta ya injini yakimwagika katikati ya msitu, fundi yuko mbali.

Hapa Kongo, wakati huo wote, pikipiki iliyoheshimiwa vijijini ilikuwa Yamaha AG100. Herufi AG ni za kilimo. Ilitengenezwa kwa ajili ya wafugaji wa Australia na New Zealand: mnyororo umefunikwa wote ndani ya boksi ili tope lisiingie, kuna kibebeo mbele na kingine nyuma, na miguu ya kuiegemeza iko pande zote mbili, usimamishe unavyotaka mlimani. Haina uzuri wowote wa kutazama. Wauguzi wa chanjo, mapadri, na baadaye watu wa mashirika ya misaada waliitumia kufika kule ambako gari lilikataa. Pamoja nayo kulikuwa na Yamaha DT125, ndefu ya miguu, ambayo vijana waliipenda zaidi. Lakini hizo zilikuwa za parokia, za zahanati na za mradi. Raia alizitazama zikipita.

Kisha vita. Mwishoni mwa Februari 1997 Kindu ilichukuliwa na waasi wa AFDL, na Oktoba 1998 ikachukuliwa tena na RCD. Reli ikanyamaza, malori yakapotea, na njia za msituni zikawa za kinga. Wanaume walisukuma kinga zilizobeba chumvi, sabuni, nguo na bidoni za mafuta ya mawese kwa siku nyingi, fimbo moja imefungwa kwenye usukani na nyingine imesimama nyuma ya kiti. Walisukuma badala ya kupanda, kwa sababu mzigo ulichukua nafasi ya mtu. Hao ndio waliotunza njia katika miaka ile: palipokatika waliweka miti, palipojaa maji walitafuta pa kuzungukia. Kijia kimoja cha upana wa gurudumu kilibaki wazi, na kijia hicho ndicho pikipiki ilikirithi.

Baada ya vita zikaja pikipiki za Uchina na za India, za bei ambayo mfanyabiashara mdogo aliweza kuifikiria. Katika miaka ya karibuni majina yanayosikika zaidi ni Boxer ya Bajaj na TVS, hasa HLX. Zina sentimita za ujazo 100, 125 au 150, na zile ndogo zina nguvu isiyofika farasi 10. Kampuni hiyo hiyo ya TVS inatengeneza pia pikipiki ya mbio, Apache RR 310, iliyotoka mwaka 2017 kwa ushirikiano na BMW, ikiwa na nguvu ya farasi 34 hivi wakati huo. Wahindi wa kiwanda kimoja, milango miwili. Kijana anayeonyesha picha ya Apache kwenye kituo hajui kila mara kwamba ni dada wa ile aliyoikalia.

Na ile aliyoikalia nayo haikutoka kiwandani tayari kwa Kalima. Fundi wa hapa huwa anaiongezea. Anachomelea vyuma vya kulinda injini na miguu, anabadilisha kibebeo cha nyuma kwa chuma kinene, anaongeza springi au kuziimarisha, anaweka pine zenye meno, na anaweka gurudumu la meno kubwa zaidi nyuma ili ipande mlima na mzigo, hata kama mwendo wa juu unapungua. Brooklands walikuwa wanatoa, Kalima wanaongeza. Ni ufundi ule ule, wa kuifanya pikipiki ifanane na njia yake, na hakuna sababu ya kumwona fundi wa Kalima kuwa mdogo kuliko yule wa Herstal.

Kwa hiyo kijana aliye na dola zake afanye nini? Kama anaishi Goma au Bukavu, ana lami na ana kazi nyingine ya kumlisha, pikipiki ya mbio ya barabarani ni furaha halali, na ile ya uwanja ni furaha ya mtu mwenye uwanja. Kupenda kitu kizuri si dhambi. Lakini Kalima, pikipiki inabeba mgonjwa aliyekaa kati ya dereva na ndugu yake anayemshika. Inabeba gunia la mchele, godoro, watoto wawili na kuku. Watu walipolazimika kuhama, wengi walitoka na kile tu kilichoingia kwenye kibebeo. Kiti kimoja kilichoinuka nyuma kama mkia wa nge hakina nafasi ya mama mzee.

Kuna pia hesabu ya mwenye pikipiki na anayeiendesha. Familia nyingi zinanunua pikipiki na kumkabidhi kijana, naye analeta malipo yaliyokubaliwa kila siku au kila wiki. Pikipiki ikilala kwa sababu ya kipande kidogo, malipo yanalala, na wanaokosa kula ni wale wa nyumbani. Piesi za Boxer na TVS zinauzwa sokoni, mpya na zilizotumika, na karibu kila fundi amezifungua mara nyingi hata anazijua gizani. Mfuniko wa plastiki wa pikipiki ya mbio ukipasuka Kalima, utasubiri mtu wa kuuagiza Kampala au Dar es Salaam. Yamaha za mashirika nazo zina tatizo hilo: imara kweli, lakini piesi zake ni ghali, na anayezinunua zimechoka ananunua pia maradhi ya miaka kumi ya matumizi ya watu wengine.

Ndiyo maana wanunuzi wenye uzoefu, wanapofika Kindu kuchagua, hawaanzi na mwendo. Wanainama kutazama tumbo liko juu kiasi gani. Wanakaa watu watatu na kuangalia springi zinashuka mpaka wapi. Wanauliza bei ya mnyororo, bei ya klachi, na lita moja ya esansi inafika kilomita ngapi na mzigo. Wanaomba karatasi za kweli, kwa kuwa pikipiki isiyo na karatasi itawagharimu kwenye kila kizuizi. Halafu wanaomba ruhusa ya kuijaribu, si kwenye vipande vya lami vya mjini, bali huko nje ambako udongo mwekundu unaanza.

Wengine wanasubiri mvua inyeshe kwanza.